Cheti cha Mwalimu Hulipiwa na Nani?

Mimi niliacha chuo, lakini vyeti vya wengine hunivutia. Tata yangu, mwalimu mkuu karibu na Karatina, anasomea mtihani wa kuongoza teknolojia shuleni. Ada anatoa mfukoni.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Wakikuyu walipokosana na wamishenari 1929 kuhusu tohara ya wasichana, walijijengea shule zao, Nyeri ikiwemo. Lakini shule bila mwalimu ni jengo tu, si ndio? Ndio maana 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha walimu Githunguri. Marika yalichanga pesa. Serikali ya kikoloni ikakifunga 1952.

Tableti zilifika shule za msingi 2016. TSC ilipozindua mafunzo ya lazima 2021, gharama ilimwangukia mwalimu mwenyewe.

Rika la Tata lina grupu ya WhatsApp. Huko huchangia matanga na harusi.