Maonyo ya programu za kukagua msimbo: usiyazime kabla hujayaelewa

Wadau, kuna swali vijana wenzangu tunaotengeneza tovuti wananiuliza sana: tovuti inafanya kazi poa tu, sasa hii programu ya ukaguzi inatoa onyo la nini? Ngoja niwape ninavyoelewa.

Programu hizi zinasoma msimbo bila kuuendesha. Ya zamani inayofahamika sana ni lint, aliyoiandika Stephen Johnson wa Bell Labs mwaka 1978 kwa ajili ya lugha ya C. Nyingi za leo zinafuatilia safari ya data. Kwenye PHP, mtumiaji anachotuma huingia kupitia $_GET au $_POST. Programu kama Psalm ukiiagiza hukihesabu hicho kuwa kichafu. Kikifika sehemu nyeti bila kusafishwa, onyo linatoka.

Sehemu nyeti zenyewe ni kama hizi:

1. Hifadhidata. Ukiunganisha alichoandika mtu na amri ya SQL, anaweza kuchomeka amri yake humo humo. Dawa: andaa amri kwanza kwa prepare ya PDO, data ipelekwe peke yake.

2. Ukurasa unaorudi kwa msomaji. Mtu anaweza kupenyeza skripti. Dawa: htmlspecialchars.

3. Jina la faili. Akituma ../ anapanda hadi kwenye folda zisizomhusu. Dawa: orodha ya majina unayoyaruhusu tu.

Mnadhani ni nadharia? Mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza ilivamiwa kwa njia hiyo ya kwanza, kupitia kurasa za zamani. Taarifa za wateja 156,959 zilichukuliwa, na Oktoba 2016 ikapigwa faini ya pauni 400,000.

Ni kweli, maonyo mengine huwa ya uongo, maana programu haijui kama ulishasafisha kwa njia yako mwenyewe. Hata hivyo fuata njia ya data toka mlangoni mpaka mwisho. Ukiridhika ndipo uzime onyo hilo moja, na sababu uiandike pembeni ya mstari.

Na kutokuwa na onyo si usalama. Programu haiwezi kujua kama Juma anaruhusiwa kufungua ankara ya Asha. Hilo unalikagua mwenyewe.

Haya, mwenye nyongeza aimwage hapo chini. Tupo pamoja!