Mboga Zilizohesabiwa Magugu

Mvua za kwanza zikinyesha magharibi mwa Kenya, mgagani na mnavu huota vyenyewe, mahindi yakiwa bado machanga. Huo ndio wakati akiba ya ghalani inapopungua na mavuno yako mbali. Kwa hiyo wanawake wa huko walipopalilia, walivuna pia. Jembe lilikwepa miche iliyofaa, majani yakachumwa kwa ajili ya chungu cha jioni, na mimea michache ikaachwa ikomae, itoe mbegu za mwaka unaofuata.

Kuitambua mimea hii kulihitaji macho, vidole na pua. Jani la mgagani aghalabu hugawanyika sehemu tano kama vidole, na shina lake huwa na vinyweleo vinavyonata. Mnavu una maua madogo meupe yenye kitovu cha manjano, na vitunda vya mviringo vinavyoning'inia kwa vishada. Kosa hapa ni hatari, kwa kuwa mnanaha, ndugu wa mnavu mwenye sumu inayoweza kuua, huota katika shamba lilelile. Mnanaha ukikomaa hufahamika kwa ua refu na tunda lenye miiba. Ukiwa mchanga inabidi utazame kingo za jani, zenye meno makubwa yasiyolingana, na ulinuse: ukilifikicha hutoa harufu mbaya.

Kilimo cha walowezi kilileta kabichi, na mahindi yaliyopandwa peke yake kwa mistari. Kila kilichoota katikati kikawa adui, na vyuo vikafundisha hivyo. Mtafiti Mary Abukutsa-Onyango, aliyelelewa kwa mboga hizi kwa sababu mwili wake haukupatana na nyama, maziwa wala mayai, alifika Chuo Kikuu cha Nairobi akakuta chakula chake kinaitwa magugu. Aliamua kukitafiti, akahimiza wakulima wazalishe mbegu bora, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukamtunuku tuzo ya sayansi. Naona alistahili mapema zaidi.

Leo mnavu (managu) na mgagani (saga) huuzwa hadi katika maduka makubwa ya Nairobi. Mashambani, hata hivyo, dawa nyingi za magugu zinazopigwa kwenye mahindi huua mimea yenye majani mapana bila kuchagua, mboga zikiwemo. Anayetaka kujifunza aongozane na mpaliliaji mzoefu mimea ikiwa na maua, wala asichume mche mchanga asioujua.