Huduma ya kompyuta ‘haiwashwi’ tu, hutegwa

Usiku mmoja umeme ulipotea hapa Longonot, mji uliopata kituo cha setilaiti tangu 1970. Asubuhi yake nilikuwa mgeni katika maktaba ya shule moja. Seva ilikuwa imerejea, ila huduma ya vitabu vya kidijitali ilikuwa kimya, na mtihani ulikuwa umekaribia. Kijana anayeitunza alishangaa: “Lakini Prof, si niliiwasha jana?”

Aliiwasha, kweli. Hakuwa ameiagiza ianze yenyewe kila mashine inapowaka. Mwongozo wa Kiswahili aliofuata ulitumia ‘washa’ kwa mambo yote mawili.

Tofauti hiyo ina historia. Katika Unix ya 1979, huduma za kuanza pamoja na mashine ziliandikwa katika faili ya /etc/rc. Mwaka 1986, BSD 4.3 ilileta inetd.conf, ambamo huduma huzuiwa kwa kutanguliza alama # kwenye mstari wake. Mstari haufutwi, hunyamazishwa tu. Nayo systemd ya Linux, iliyozuka 2010, ina amri mbili tofauti: ‘start’ huanzisha huduma sasa hivi, ‘enable’ huiwekea agizo la kuanza mashine inapowaka.

Kiswahili kiliingia uwanjani kwa kishindo mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice. Leo baadhi ya programu hutumia ‘wezesha’ na ‘lemaza’. Sikubaliani nazo. Huduma iliyozuiwa haijakosa uwezo; bado unaweza kuianzisha kwa mkono. Na kulemaza ni kutia kilema, ilhali alama # huondolewa kwa kidole kimoja.

Lugha yetu ina kauli ya kutendua: funga, fungua, choma, chomoa, tega, tegua. Usiku tunatega saa ituamshe alfajiri. Saa iliyotegwa haijalia, inangoja wakati wake. Hiyo ndiyo hali ya huduma iliyoagizwa katika faili ya usanidi.

Kwa hivyo napendekeza ‘anzisha’ na ‘simamisha’ kwa jambo la sasa hivi, ‘tega’ na ‘tegua’ kwa agizo la kudumu. Wapo watakaosema ‘tega’ linanuka hila. Mbona hatuogopi kutega sikio?

Nilimweleza kijana hivyo. Akaitega huduma, akazima mashine makusudi, akaiwasha tena. Vitabu vikafunguka.