Kiharusi, Jirani na Wabebaji Wanne

Hapa kwetu Shinyanga na Geita, mtu aliyelala mzima akaamka upande mmoja umekufa amezua swali lile lile kizazi hata kizazi: nani kamfanyia? Swali hilo limemwaga damu mara mbili. Kwanza ndani ya kichwa cha mgonjwa. Kisha kwa bibi wa jirani, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, aliyenyooshewa kidole na kufuatwa usiku kwa mapanga. Mauaji hayo yalizidi hata mwaka 1976 Serikali ikaendesha msako mkubwa Mwanza na Shinyanga. Baadhi ya watuhumiwa wakafia mahabusu, na Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akawajibika kwa kujiuzulu. Msako ulipita, swali likabaki.

Tusidhani ni swali la vijijini tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mjini ndiko kiharusi kilikohusishwa sana na mapepo na uchawi. Kijijini Hai watu walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo.

Watu wa Hai walikaribia ukweli. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alibuni kipimo cha presha kinachofungwa mkononi, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza njia ya kusikiliza mapigo. Leo tunajua kwamba presha isiyotibiwa kwa miaka hudhoofisha mishipa midogo ya ubongo. Mmoja ukipasuka, damu huukandamiza ubongo: kichwa huuma ghafla, mtu hutapika, mdomo hupinda, mkono hulegea, maneno hukwama. Kiharusi cha mshipa kuziba hufanana nacho kwa macho. Kinachotofautisha ni picha ya CT, iliyopigwa kwa mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Kwa hiyo, kabla ya picha tusimpe mgonjwa aspirini.

Ugonjwa huu ni mzito. Takriban wagonjwa 4 kati ya 10 hufariki ndani ya mwezi mmoja, na wengi wanaosalia hubaki na ulemavu. Tumaini liliwekwa kwenye upasuaji, lakini utafiti mkubwa wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba, kwa jumla, upasuaji wa mapema haukuwasaidia wagonjwa kuliko matibabu ya dawa, ingawa wapo wanaouhitaji. Habari njema zilikuja mwaka 2023, katika utafiti wa nchi 10, Nigeria ikiwemo, wenye wagonjwa zaidi ya 7,000. Kushusha presha haraka, kudhibiti sukari na homa, na kuondoa nguvu ya dawa zinazozuia damu kuganda, kwa wanaozitumia, kuliwapa wagonjwa nafuu zaidi. Ni mambo ya kawaida, yakifanywa ndani ya saa chache.

Saa hizo ndizo zilizopotelea kwa mganga, au kivukoni Busisi. Hospitali ya Bugando, Mwanza, inayomilikiwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki, imepokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa tangu 1971. Na tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi limemwondolea mgonjwa wa Geita kusubiri kivuko. Njia ya kwa mganga haijafungwa na daraja lolote; hiyo ni kazi yetu.

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, watu wanne walimbeba rafiki yao aliyepooza. Hawakuuliza nani kamroga. Walipokuta mlango umejaa watu, walitoboa dari. Tuwe wabebaji hao. Jumuiya zetu ziwe na kipimo cha presha, na kijana wa machimboni apimwe kama mzee. Aliyeandikiwa dawa azimeze hata akijisikia mzima. Anayeanguka apelekwe hospitali saa ile ile, nasi tumwombee njiani. Na yule bibi mwenye macho mekundu akae katikati yetu kanisani, mahali ambapo kila mtu atajua kwamba ana ndugu.