Kutoka Tezo hadi Msumeno wa Pembe: Safari ya Useremala wa Kanyosha



Katika toleo hili la kumbukumbu wengine wataandika juu ya njia tulizopita na watu tuliowaacha. Mimi nimechagua historia ya kazi moja ambayo sisi tuliotoka Kanyosha, kusini mwa mji wa Bujumbura, tunaifahamu, na ambayo vijana wetu wengi wanatamani kujifunza: kazi ya mbao. Nitaifuata kwa kutazama jambo moja tu, yaani namna fundi anavyokata ubao kwa pembe ili uungane na mwenzake. Safari hiyo inaishia kwenye mashine inayotamaniwa na kila kijana wa useremala, nayo ni msumeno wa umeme wa kukatia pembe, ambao meza yake huzunguka na kichwa chake huinama. Mtu akiifahamu historia hii ataelewa kwa nini mashine hiyo ina masharti mengi. Kila hatua ilimwongezea fundi kasi, na kila hatua ilimpunguzia muda wa kushtuka kabla hajaumia.

ENZI YA KUCHONGA

Zamani wazee wetu wa Burundi walifanya kazi kwa shoka na tezo. Kinu, kiti na ngoma vilichongwa kila kimoja kutoka gogo moja. Ngoma zetu, ambazo ngoma yake ya kifalme UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, hutolewa katika mti uitwao kwa Kirundi umuvugangoma, jina ambalo ndani yake limo neno ngoma lenyewe. Katika kazi ya namna hiyo hakuna kiungo, wala hakuna haja ya kupima pembe.

Ukitoka Kanyosha kwa barabara iendayo Rumonge utafika Mugere, penye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 1871. Walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, na Stanley aliandika kwamba mtumbwi huo ulichongwa kutoka mti mmoja wa mvule. Lakini wakati huo ziwa lilikuwa limekwisha kuona chombo cha aina nyingine. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliambiwa habari za jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, na Speke akavuka ziwa kwenda kuliomba. Mtumbwi hutoka katika mti mmoja, bali jahazi ni mbao nyingi zilizounganishwa. Hapo ndipo useremala wa viungo ulipoanza kusogea kuelekea kwetu, pamoja na watu wa misafara na maneno yao: msumeno, randa, patasi, keke, guni.

MISHENI NA MJI

Hatua ya pili ililetwa na ujenzi. Mapadre Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na mwaka 1881 watatu wao wakauawa huko. Waliporudi nchini walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899. Kanisa linahitaji milango, madirisha, viti virefu na kenchi za paa, na vyote hivyo ni kazi ya mbao zilizopasuliwa na kuunganishwa. Wajerumani walikuwa na kituo chao Usumbura, na Wabelgiji waliuteka mji huo mwaka 1916. Mji ulipokua, mahitaji ya fremu, meza na makabati yakakua pamoja nao, mpaka Usumbura ikageuka Bujumbura wakati wa uhuru mwaka 1962.

Mbao zilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini. Kwa kukata pembe fundi alitumia sanduku la pembe, ambalo mafundi waliofundishwa kwa Kifaransa wanalijua kwa kato lake, onglet. Ni kifaa rahisi: mbao tatu zilizofanywa kama mfereji, zenye mifereji myembamba ya kuongozea msumeno, mmoja wa digrii 90 na miwili ya digrii 45, kulia na kushoto.

Hesabu yake nawafundisha wanafunzi wangu hivi. Chukua 180, gawanya kwa idadi ya pande za fremu. Fremu ya pande nne, kata 45. Ya pande sita, kata 30. Ya pande nane, kata 22.5. Fremu ya picha ina kato nane. Ukikosea digrii moja tu katika kila kato, kosa linakusanyika kuwa digrii nane, na kona ya mwisho haitafunga hata ukiijaza gundi.

Kato gumu zaidi ni lile la pembe mbili kwa pamoja. Hori la kulishia ng'ombe lina kuta zilizolala nje. Paa la migongo minne lina pao fupi zinazogota kwenye mgongo kwa mshazari. Hapo ubao hukatwa kwa pembe upande wa upana na pia upande wa unene. Wengi hudhani kwamba hori la pande nne ambalo kuta zake zimelala digrii 45 litakatwa 45 na 45. Sivyo. Meza huwekwa kwenye 35.3 na kichwa huinamishwa 30. Fundi wa zamani alipata kato hilo kwa kuchora na kujaribu mara nyingi. Mashine ya leo hulitoa kwa mara moja, ikiwa imepangwa sawasawa.

UMEME UNAINGIA KAZINI

Msumeno wa mviringo ni wa zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, aliutaja katika hati ya uvumbuzi aliyopewa mwaka 1777. Nchini Marekani Raymond DeWalt alianzisha mwaka 1924 kampuni ya kuuza msumeno wa umeme unaoning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza. Mwaka 1964 kampuni ya Rockwell ya hukohuko ilitoa msumeno wa umeme wa kukatia pembe, ambao ni kama sanduku la pembe lililofungwa mota. Baadaye zikaja mashine ambazo kichwa chake huinama, na nyingine ambazo kichwa huteleza mbele na nyuma kwenye vyuma.

Mashine bila umeme ni mzigo. Bujumbura ilipata umeme wa maporomoko ya Ruzizi, kisha Mto Mugere, ule ule wa jiwe la Livingstone, ukafungwa mitambo mwaka 1982, na Rwegura ikafuata mwaka 1986. Hivyo kijana wa Kanyosha akaweza kufanya kwa sekunde tatu kazi iliyomchukua babu yake dakika kadhaa.

Sasa tupige hesabu nyingine. Diski ya meno yenye kipenyo cha milimita 254, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda karibu kilomita 240 kwa saa. Gari lenye kasi hiyo lingetoka Bujumbura na kufika Rumonge kwa muda usiozidi dakika 20. Msumeno wa mkono ukigusa ngozi unakwaruza, nawe unashtuka na kuuondoa. Diski hii haikwaruzi kwanza. Kabla maumivu hayajafika kichwani, kidole kimekwisha kwenda.

KUIPANGA MASHINE

Kwanza kabisa, plagi itolewe. Kazi yote ya kupanga na kubadili diski hufanywa mashine ikiwa haina umeme. Soma volti zilizoandikwa kwenye kibandiko: mashine ya volti 120 iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani itaungua ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 220 hadi 240. Ikiwa plagi ina pini ya ardhi, usitumie kiunganishi kinachoiacha pini hiyo nje. Waya wa kuongezea uwe mnene na ukunjuliwe wote, kwa sababu waya mwembamba hupata joto na kuidhoofisha mota.

Pili, mashine ifungwe kwa bolti kwenye meza imara, na pande zote mbili pawe na vihimili vya urefu ule ule ili ubao mrefu usining'inie. Diski ifungwe kwa kufuata mshale ulioonyeshwa, na kifuniko cha kinga kishuke na kupanda chenyewe. Fundi anayekifunga kifuniko kwa waya kibaki juu ameondoa kitu pekee kinachosimama kati yake na meno.

Tatu, hakikisha pembe. Usiamini alama za kiwandani peke yake. Pima kwa guni kati ya diski na meza, kisha kati ya diski na ukingo wa kuegemezea ubao. Halafu rudisha umeme, kata ubao mpana kwa 90, pindua kipande kimoja juu chini na uvikutanishe vyote kwenye ukingo. Vikigusana pote, mashine iko sawa. Ukiona mwanya, kosa la mashine ni nusu ya mwanya huo. Ukikosa guni, tengeneza pembetatu ya sentimita 60, 80 na 100; kona yake ni digrii 90 kamili. Ukibadili mwinamo wa kichwa, toa tena plagi na ukishushe polepole kwa mkono, uone kama diski haigusi ukingo.

KUKATA BILA KUMWAGA DAMU

Vaa miwani ya kukinga macho. Usivae glavu, mikono mirefu iliyolegea, wala shanga. Dada zetu wanaojifunza kazi hii wafunge kitenge vizuri na wafunike nywele, maana diski hukamata nguo na kuvuta mkono pamoja nayo. Vumbi nalo lisidharauliwe: mwaka 1995 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Fanyia kazi mahali penye hewa na ufunike pua.

Ubao ulale mezani na uegemee ukingo. Kama umepinda, upande uliotokeza uelekee kwenye ukingo. Mkono ukae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye diski, na mikono isipishane. Kipande kifupi kishikwe na kibanio, kisishikwe na vidole. Acha diski ifikie kasi yake kamili ndipo uishushe, bila kulazimisha. Ukimaliza, achia swichi, ngoja diski isimame kabisa ikiwa bado chini, ndipo uinue kichwa na kuokota kipande. Kwa mashine inayoteleza, vuta kichwa kwako kwanza, shusha, kisha sukuma. Usikate kwa kuvuta, kwani diski inaweza kupanda juu ya ubao na kukujia.

Jueni pia mbao zenu. Mkaratusi una mvutano ndani yake. Ukikatwa unaweza kujibana na kushika diski. Mbao zilizotolewa kwenye masanduku ya mizigo huficha misumari. Zikaguliwe moja moja.

UMEME UKIKATIKA

Hili naliweka peke yake kwa sababu linatuhusu sana. Kule Bujumbura tulizoea umeme kukatika, na katika maisha ya kambi tumezoea jenereta kuzimika mafuta yakiisha. Mashine ikinyamaza katikati ya kazi, mtu husogea, huzungumza, huweka mkono mezani. Kama swichi imebanwa ili ibaki imewashwa, umeme ukirudi diski itaanza yenyewe. Kwa hiyo kanuni ni moja: mashine ikizimika, achia swichi na toa plagi kabla ya kufanya jambo lolote lingine.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa mambo mengi yaliyotupata walisema kweli. Lakini kwa mashine hii kinga zipo, na nyingi hazihitaji fedha.

NENO LA MWISHO

Warundi waliokimbia mwaka 1972 walifika Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo, wakajenga upya kwa mikono yao. Mwaka 2015 wengi wetu tulikusanyika Kagunga, na meli ya Liemba ikatuchukua hadi Kigoma. Hakuna fundi aliyepanda meli ile na meza yake ya kazi. Alichovuka nacho ni ujuzi na vidole kumi. Kijana anayepoteza vidole vitatu ukimbizini amepoteza mtaji ambao hakuna shirika linaloweza kumrudishia, na nyumbani hatarudi seremala.

Kwa ndugu wafadhili nasema hivi kwa heshima: mkitoa mashine bila miwani, bila kibanio, bila diski ya akiba na bila mwalimu, mmetoa nusu ya msaada, na nusu iliyobaki italipwa na mtoto wa mtu. Kwa Kamati naomba kila karakana iwe na mtu mmoja anayetunza plagi, na asiyefundishwa asiipewe, hata akiwa mtoto wa kiongozi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.