Tumlipie Abaki, au Tumwache Aende?

Mliohudhuria mkutano wetu uliopita mtakumbuka kwamba ulivunjika jioni bila uamuzi. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, mchezaji hodari wa magongo, ameitwa na shule nyingine. Shule hiyo imeahidi kumlipia karo yote hadi amalize. Wengine wetu walisema chama kitoe fedha hizo hizo ili abaki. Wengine wakasema tukianza mchezo huo hatutaumaliza. Mimi nilisimama nikasema kwamba jambo hili lina historia mahali pengine, nikazomewa kidogo, na mhariri akaniambia basi niiandike. Naitimiza ahadi.

Mwaka 2007 nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili katika mji wa Edmonton, Kanada. Huko magongo huchezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea, na badala ya mpira hupiga kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mimi niliyezoea vumbi la kiwanja chetu nilichukua majuma kadhaa kabla ya macho yangu kuweza kukifuata. Ulipofika Julai barafu ilikuwa imesahaulika, jua likizama saa nne usiku, lakini watu wa mji ule walizungumza magongo tu, kwa sababu timu yao, Oilers, ilikuwa imetia mkono katika chungu cha jirani.

Sheria ya ligi yao, iitwayo NHL, ni hii. Mchezaji kijana ambaye mkataba wake umekwisha, lakini hajafikisha umri au miaka ya utumishi ya kuwa huru kabisa, aweza kuandikiwa mkataba na timu nyingine. Akiutia sahihi, timu yake ya zamani hupewa siku saba. Ikikubali kumlipa vivyo hivyo, hubaki naye. Ikikataa, kijana huenda, nayo hupewa fidia. Fidia hiyo si fedha bali ni zamu. Kila mwaka timu huchagua vijana wapya kwa zamu, na timu iliyomchukua mchezaji hutoa zamu zake kulingana na ukubwa wa mshahara ilioahidi.

Basi tarehe 6 Julai 2007 Edmonton ilimwandikia Thomas Vanek wa Buffalo mkataba wa miaka 7 kwa dola milioni 50. Siku chache tu kabla ya hapo Buffalo ilikuwa imewapoteza Daniel Brière na Chris Drury, nguzo zake mbili, bila kupata chochote. Ikamlipa Vanek siku hiyo hiyo. Kwa maoni yangu ililipa kwa hofu ya watazamaji wake zaidi ya hesabu. Vanek aliendelea kufunga mabao, lakini msimu uliofuata Buffalo haikufika hata katika mashindano ya kuwania kombe. Kabla mwezi ule haujaisha Edmonton ikamwandikia Dustin Penner wa Anaheim miaka 5 kwa dola milioni 21.25. Anaheim, iliyokuwa imetoka tu kutwaa Kombe la Stanley, ilikataa kulipa, ikachukua zamu tatu za mwaka 2008. Meneja wake, Brian Burke, alimshambulia mwenzake Kevin Lowe hadharani, na ugomvi wao uliendelea kwa miaka. Pale bwenini tulishangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia, mgeni niliyejua sheria kwa juma moja.

Mzee mmoja mlinzi wa maktaba, mpenzi mkubwa wa mchezo huo, hakushangilia. Alinikalisha akanieleza habari za Scott Stevens, ambazo baadaye nilizisoma mwenyewe. Stevens alikuwa mlinzi wa Washington. Mwaka 1990 timu ya St. Louis ilimwandikia mkataba wa miaka 4, zaidi ya dola milioni 5, fedha ambazo siku zile mlinzi hakuzizoea. Washington ikaona ni nyingi, ikamwachia, ikapewa zamu tano za kwanza za St. Louis. Hebu fikirini: vijana watano bora kwa mtu mmoja! Na St. Louis walikaa naye msimu mmoja tu. Mwaka 1991 walimchukua kijana mwingine, Brendan Shanahan wa New Jersey, mwenye miaka 22. Huyo alikuwa wa fungu jingine la sheria. Timu yake haikuwa na haki ya kulipa ili abaki, bali fidia ilipaswa kuwa mchezaji wa kulingana naye, na wasipoelewana, mwamuzi akate shauri. St. Louis wakatoa wachezaji wao wawili pamoja na zamu. New Jersey wakamtaka Stevens peke yake. Septemba 1991 hakimu Edward Houston akawapa New Jersey.

Stevens hakutaka kwenda. Alikuwa amekubali mwito wa St. Louis kwa hiari yake, sasa anahamishwa kama kiti. Mwishowe alikwenda, akawa nahodha, akalitwaa Kombe la Stanley mara tatu, 1995, 2000 na 2003. Washington, kwa zamu moja kati ya zile tano, ilimchagua Sergei Gonchar, akawa mmoja wa walinzi wao wakubwa. Naye Gonchar alipofika fainali mwaka 1998 alifungwa na Detroit, na katika Detroit alikuwamo nani? Shanahan yule yule.

Historia haikuishia hapo. Agosti 2024, nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani zamani, nilisoma kwamba St. Louis imewaandikia vijana wawili wa Edmonton kwa siku moja: Philip Broberg, mlinzi, dola 4,580,917 kwa mwaka, na Dylan Holloway, mshambuliaji, dola 2,290,457. Tarakimu hizo zinachekesha mpaka uzielewe. Zote zilikuwa kiwango cha juu kabisa kabla fidia haijapanda daraja. Edmonton ilikuwa imetoka kushindwa fainali katika mchezo wa saba, na ligi ile ina kikomo cha jumla ya mishahara, ambacho wao walikuwa wamekwisha kukijaza. Walitumia siku zao saba zote. Tarehe 20 wakawaacha wote wawili, wakapata zamu ya pili na zamu ya tatu.

Msimu uliofuata Holloway, aliyekuwa amefunga mabao 6 tu katika msimu wake wa mwisho Edmonton, alifunga 26. Edmonton nayo ilirudi fainali bila yeye, ikashindwa tena na Florida ile ile. Anayetaka kusema walikosea ana ushahidi, na anayetaka kusema walifanya vyema anao pia. Ninachokiona mimi ni kwamba vijana wale walikaa Julai nzima bila mkataba. Mwenye nyumba alikuwa na nafasi ya kuzungumza nao kwa bei yake mwenyewe. Karatasi ya jirani ilipofika, bei ikawa ya jirani, na saa ikawa ya jirani.

Sasa nirudi kwetu. Ninyi wa rika langu mnamkumbuka mwenzetu aliyehama mwisho wa kidato cha pili, kwa sababu kama hii hii. Alirudi na timu ya huko kucheza nasi, tukamzomea tangu langoni. Nilikuwa mmoja wa waliozomea. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba siku ile alipoondoka alikuwa amefukuzwa karo mara tatu katika muhula mmoja, na hakuna mtu hapa aliyemwuliza neno, mpaka wengine walipomwuliza.

Kijana wa sasa hana sheria ya siku saba, wala hatuna zamu ya kudai. Nimemwuliza mwalimu wa michezo, akaniambia kijana anadaiwa karo tangu mwaka jana. Kwa hiyo kura yangu ni hii: chama kilipe deni hilo, na kilipe bila sharti, hata kama atakwenda. Kuhusu kushindana na ahadi ya wale wengine, nasema tusishindane.

Mweka hazina ameniambia mfuko unatosha karo ya wanafunzi wanne. Orodha ya wanaodaiwa, niliyoonyeshwa ofisini, ina majina kumi na moja, na tisa kati yao hawajapata kushika gongo. Tutakutana bwaloni saa tatu asubuhi, na ninaomba orodha hiyo isomwe kabla ya jina la kijana wetu.