Shule na Hazina ya Wilaya: Shinyanga na Geita tangu 1926

Mtu atafutaye asili ya shule za halmashauri katika Shinyanga na Geita yafaa aanze katika hazina kabla hajaingia darasani. Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyotungwa katika zama za Gavana Donald Cameron, iliwatambua watemi wa Usukuma kuwa watawala wenye baraza na hazina zao. Sehemu ya kodi ya nyumba ilirudi mikononi mwao, na katika fungu hilo walilipwa makarani, matarishi, na penye nafasi, walimu. Mwaka uliofuata, 1927, ikaja Sheria ya Elimu ya Waafrika, ambayo iliweka utaratibu wa misaada ya serikali kwa shule za misheni zilizokubaliwa. Tangu hapo mtoto wa Kisukuma alikuwa na milango miwili ya kusomea, wa mtemi na wa misheni, na kila mlango ulikuwa na lugha yake.

Shule ndogo za misheni vijijini zilifundisha kusoma kwa Kisukuma, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa katekisimu na Injili. Shule ya hazina ilifundisha kwa Kiswahili, maana hazina ilihitaji karani wa kuandika stakabadhi ambayo Bwana Shauri angeweza kuisoma. Kiswahili chenyewe kilikuwa bado kinasawazishwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, ikivikagua vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa. Kutoka Unguja hadi Shinyanga ni mbali. Kisukuma kina irabu saba, tena kina toni zipambanuazo maneno. Kiswahili kina irabu tano na hakina toni za namna hiyo. Ni kweli kwamba lugha hizi ni ndugu, na mtoto akisikia ng'ombe hapotei. Lakini undugu huo umewadanganya watunga mitaala wengi, wakadhani kuwa mtoto ajuaye ng'ombe amekwisha kujua nusu ya somo.

Kazi ya kuwaleta watoto shuleni iliwaangukia banangwa, wakuu wa vijiji chini ya mtemi. Haikuwa kazi nyepesi. Baba mwenye mifugo alimhesabu kijana wake kwa machunga, na pamba ilipoanza kufumbuka mashamba yaliwaita hata wadogo. Mtoto aliyefika alisoma miaka minne ya chini, kisha ukaja mtihani uliowaacha wengi nje ya shule ya kati. Wachache mno walifika Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 hasa kwa ajili ya wana wa watemi. Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha katika Shinyanga, alipita Tabora na Makerere, na mwaka 1945 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Mfano wake hutajwa sana, nao unastahili. Ila haumwelezi mtoto wa mchungaji wa kawaida.

Wakati huo huo madini yalikwisha kuanza kuibadili nchi. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza kazi katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Huko Mwadui kampuni ilijenga mji wake wenyewe, wenye shule na hospitali, na mtoto wa mfanyakazi akapata ambacho jirani yake nje ya ua hakukipata. Geita ilikuwa na jambo jingine la kuangaliwa na mwanaisimu. Wenyeji wa asili walisema Kizinza na Kisumbwa. Wasukuma wakahamia kwa wingi kutoka mashariki, hasa katika miaka ya mpango wa maendeleo ya Usukuma uliosimamiwa kutoka Malya baada ya mwaka 1947. Na kambi za wachimbaji zikakusanya watu wa kila kabila. Kiswahili cha kambini hakikutoka kitabuni, nacho kilienea upesi kuliko kile cha shuleni.

Mwaka 1958 hazina ya wilaya ikawa jambo la ugomvi wa wazi. Serikali ya kikoloni, kwa nguvu za Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953, ilitaka Geita iwe na halmashauri ya mataifa mchanganyiko, yaani Waafrika wakae pamoja na wajumbe wa Kizungu na wa Kiasia waliokuwa wachache sana wilayani. Chama cha TANU kilikuwa kimekatazwa kufanya kazi Usukuma tangu mwaka 1954, wala katazo hilo halikuwanyamazisha watu. Makundi makubwa yalitoka Geita kwenda Mwanza kupinga, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi, na mwishowe mpango ukaachwa. Vitabu vya historia huliweka tukio hili katika hesabu ya mapambano ya uhuru, na hapo ni mahali pake. Lakini halmashauri iliyogombaniwa ndiyo ambayo ingeshika kodi, na kwa kodi hiyo shule, zahanati na barabara. Mkulima wa Geita alikuwa akiuliza nani atamlipa mwalimu wa mwanawe, na kwa amri ya nani.

Jibu lilikuja kwa sheria mpya ya elimu, iliyoanza kutumika Januari 1962. Mgawanyo wa shule kwa rangi ulifutwa, na halmashauri za wilaya zikawa mamlaka ya shule za msingi. Mwaka 1963 watemi waliondolewa katika utawala. Kwa miaka michache pamba ya Usukuma, iliyouzwa kwa njia ya chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, iliijaza hazina kwa ushuru wake. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Lakini mwishoni mwa miaka hiyo kodi za halmashauri zilianza kuondolewa, na mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa. Zilirudi mwaka 1984. Katika kipindi hicho ambacho wilaya haikuwa na hazina yake, ada ilifutwa (1973), vijiji vikakusanywa, na shule zikaongezeka kuliko wakati wowote uliotangulia, zikifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba na kupewa mafunzo ya haraka. Si haki kuwabeza vijana hao: katika shule nyingi ndio walioweza kumfafanulia mtoto neno la kitabuni kwa lugha ya mamaye.

Baada ya ada kufutwa tena mwaka 2001, mpango wa MMEM wa 2002 hadi 2006 uliahidi ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi. MEMKWA ikawapokea waliopitwa na umri, nao ni wengi mahali ambapo machimbo madogo kama ya Nyarugusu yanawavuta watoto. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilionyesha watoto wakifanya kazi machimboni Geita na Kahama, na wengine wakishika zebaki. Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga, shule ya watoto wasioona na viziwi iligeuka kimbilio la watoto wenye ualbino baada ya mauaji yaliyotikisa Kanda ya Ziwa tangu mwaka 2007. Huko bweni lilikuwa ulinzi wa uhai.

Dhahabu nayo ilirudi. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na kwa mikataba ya awali migodi mikubwa ilizilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka; baadaye ukafuata ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yakautaka mgodi ukubaliane na halmashauri juu ya miradi ya jamii. Fedha hizo zimesimamisha madarasa na kununua madawati. Darasa huonekana, huzinduliwa, hupigwa picha. Msaidizi ajuaye Kisukuma au Kizinza, akaaye na mtoto wa miaka sita mpaka Kiswahili kimkolee, hana jiwe la msingi la kuwekwa.

Mara moja msaidizi huyo alipatikana. Mpango wa EQUIP-T, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Uingereza, uliwaweka watu wa kijijini wenyewe kuwaandaa kwa majuma kadhaa watoto ambao hawakupata elimu ya awali, hasa wale ambao Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao. Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango huo. Geita, iliyokuwa imefanywa mkoa mwaka 2012 na yenye hazina ya dhahabu, haikuwamo. Na mwaka 2020 mpango ulipofikia mwisho, kazi ya wasaidizi wa Shinyanga iliachiwa halmashauri, ambazo katika vitabu vyake vya fedha zilikuwa na kifungu cha saruji na cha mabati.